Prosesa ya Mniko na Kanisa la Mugeta

Mniko Wegesa alikuwa na ofisi ya chumba kimoja pale Nyasho, Musoma, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu nyumba ambazo hazijajengwa. Ramani za mistari alizichora tangu atoke chuoni, lakini alishajifunza kwamba wateja wengi huzitikisia kichwa kwa heshima tu, kisha ukuta ukifika kwenye linta, juu ya madirisha, wanauliza choo kimekwenda wapi. Kwa hiyo akaanza kurenda. Aliichora nyumba nzima ndani ya kompyuta, akaweka bati, madirisha na kivuli cha saa tisa alasiri, halafu akaiacha mashine ipige hesabu mpaka itoke picha ambayo mtu angeapa imepigwa kwa kamera. Mteja akishaiona picha ya namna hiyo, hapo ndipo anapobishana na wewe kwa akili.

Mwaka huo parokia ya nyumbani kwao Mugeta iliamua kujenga kanisa jipya, na Mniko aliitaka kazi ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kuishika. Alibatizwa pale. Baba yake aliagwa pale, na mama yake, Ghati, hakuwahi kukosa ibada pale labda awe hoi kitandani. Alilichora kanisa miezi mitatu bila kuombwa na mtu. Mwishowe kamati ya ujenzi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa katekista mstaafu Nathanieli, ikampa Jumamosi moja. Aje na picha zake, wakitaka kitu kibadilishwe wakione kimebadilika palepale, na wakiridhika kazi ni yake.

Hilo neno palepale ndilo lililomkosesha raha. Kompyuta yake ya Nyasho ilikuwa dude zito lisilobebeka kwenye basi, na hata ingebebeka, umeme wa sola wa parokia usingeiweza. Alihitaji mashine ndogo, ya kupakata mapajani kwenye basi, yenye nguvu ya kurenda na isiyokula umeme.

Akampigia Magige.

Magige alikuwa fundi kompyuta Bunda mjini, mwenye duka na jina. Zaidi ya hayo, alikuwa mwanarika wa Mniko. Walitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, Mniko akitangulia na Magige akifuata, na walilala kwenye nyumba moja mpaka walipopona. Kwa vijana wa msimu wao hilo halikuwa jambo la kukumbushana tu. Mwanarika humkagui. Akikuletea ng'ombe humhesabii meno, akikufungia mzigo huufungui mbele yake. Kumkagua ni kumwita mwizi, na ukishamwita mwizi, rika limekufa.

Wiki tatu walizungumza kwenye simu kila siku kama wachumba. Mniko alitaka prosesa, yaani ubongo wa mashine, kubwa kuliko zote, yenye viini kumi na sita, kwa maana kurenda ni kazi inayogawanywa kwa viini, na vikiwa vingi picha inatoka upesi. Magige alimkatalia.

"Mura, hilo lijitu lako linachemkaga kama sufuria ya makande," alisema. "Ukiliweka kwenye kasha dogo litapunguza mwendo lenyewe ili lisiungue. Utakuwa umenunua viini kumi na sita, vinavyofanya kazi ni nane."

"Sasa tufanyeje?"

"Chukua ya kumi na viwili, ile inayokula umeme nusu. Halafu hela iliyobaki uiweke kwenye kipozeo. Kasha linapokea kipozeo cha milimita sabini, kisizidi hapo. Ninacho kimoja nimekiona Dar, kina bomba nne za shaba na feni pana inayozunguka polepole. Hutakisikia hata kikipumua."

Ulikuwa ushauri mzuri. Nausema wazi kwa sababu ndicho kinachoniudhi mpaka leo: yule bwana aliijua kazi yake, na alimshauri mwenzake kwa ukweli mtupu. Mniko alituma hela yote siku hiyohiyo, akalala usingizi mzuri.

Vifaa vilipofika Bunda, Magige akaomba kitu kimoja. Alitaka kazi nzito ya kupimia joto, kwa kuwa mashine ya kurenda haipimwi kwa kuwasha na kuzima, inapimwa kwa kuichosha. Mniko hakufikiri mara mbili. Alimtumia kanisa zima, pamoja na kila benchi na kila tofali, jinsi alivyolichora.

Jumamosi ilipofika alipanda basi la alfajiri kutoka stendi ya Bweri, akashuka Bunda na kuikuta mashine mezani, ndogo, nyeusi, imefungwa skrubu zake zote. Magige aliiwasha. Picha ya kanisa ikatokea kwenye skrini, imekwisha kurendwa, nzuri mpaka Mniko akacheka peke yake. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya. Alitaka tu kufungua ule ukurasa unaotaja prosesa na idadi ya viini, kama mtu anayetaka kumwangalia mtoto aliyezaliwa usoni.

"Unanikagua?" Magige aliuliza huku akitabasamu.

Mniko aliuondoa mkono kwa aibu. Aliomba radhi, jamani! Aliomba radhi, akapakia mashine na skrini ndogo kwenye begi na kukimbilia gari la Mugeta.

Kamati ilikuwa imekaa kwenye mabenchi ya kanisa la zamani, watu saba, chai ikiwa kwenye chupa. Mniko aliwaonyesha picha alizokuja nazo, nao wakainamia skrini, jambo lililompa moyo. Mama Lukresia wa kwaya ndiye aliyeanza. Alisema kanisa ni zuri ila bati jekundu litafanana na la ghala la pamba, kwa hiyo walione likiwa la bluu.

"Dakika nne, mama," Mniko alisema, kwa sababu walishapiga hesabu hiyo na Magige mara kumi.

Dakika nne zilipita, zikapita kumi. Feni ndani ya kasha ilianza kulia kwa sauti nyembamba, ikazidi kupanda mpaka Mzee Nathanieli akauliza kama hicho kitu hakitalipuka. Mniko aliweka kiganja juu ya kasha na kukiondoa haraka. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko mashine. Alizungumza habari za msingi, za upepo, za mwanga wa madhabahuni, akazungumza mpaka maneno yakamwishia, na kile kistari cha kuonyesha kazi ilipofika kilikuwa bado hakijafika nusu. Dakika ya ishirini na tano skrini ikawa nyeusi. Mashine ilikuwa imejizima kwa joto.

"Pole, mwanangu," Nathanieli alisema, na alisema kwa upole kabisa. "Picha zako ni nzuri. Ila sisi tutakaa tena wiki ijayo, kuna na fundi mwingine ameomba. Tukiwa na mtu ambaye kila badiliko lazima tumsubiri hivi, hatutajenga."

Walimalizia chai, wakaondoka kwenda mashambani. Mniko alibaki peke yake, akasubiri kasha lipoe, akaliwasha na kufungua ule ukurasa. Viini sita. Aliusoma mara tatu. Kisha akatoa bisibisi kwenye begi, akafungua kasha lenyewe. Mahali pa bomba nne za shaba palikuwa na kipande cha alumini na kifeni kidogo, cha aina ile wanayokutupia bure ndani ya boksi la prosesa ya bei poa.

Alishuka Bunda jioni hiyohiyo. Magige hakubisha. Alikaa chini, akashika kichwa.

"Mura, nimekosa," alisema. "Kuna mteja alikuwa ananisumbua, mtu mkubwa, anataka mashine siku hiyohiyo. Nikampa ya kwako. Nikasema nitakuagizia nyingine kabla hujagundua, mzigo ukachelewa. Niliogopa kukuambia."

"Ungeniambia ningeahirisha kikao."

"Najua. Nisamehe. Prosesa yako inakuja, na kipozeo chake. Mimi na wewe tumetoka mbali."

Mniko alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona mtu aliyelala naye jirani akiwa na maumivu yaleyale, na hasira ikamlegea. Alisema yamekwisha. Njiani kurudi Musoma alijilaumu hata kwa kufungua kasha, akajiambia kwamba katika wawili wao labda ni yeye aliyelivunja rika. Binadamu akishaamua kumpenda mtu, atamtafutia udhuru mpaka uvunguni mwa kitanda.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, Mama Ghati alipiga simu. Alikuwa ametoka kanisani na furaha ilikuwa imemjaa.

"Mniko, kazi imepata mtu! Najua uliitaka wewe, lakini ni wa kwetu! Huyu Magige wako."

Mniko alisimama. "Magige gani, mama?"

"Magige si Magige? Amekuja na kamashine kadogo, kimya, hata hukasikii. Katuonyesha kanisa ukutani, watu wote; kamati wanasema linafanana na lako kidogo, ila la kwake lina mnara. Mama Lukresia akasema bati liwe bluu. Mwanangu, chai haijapoa, bati limekuwa bluu! Mzee Nathanieli ametangaza palepale, tumepiga makofi."

Mniko alikalia kiti chake pale Nyasho bila kukiona. Hakukuwa na mteja mkubwa aliyekuwa na haraka. Viini vyake kumi na viwili na shaba yake vilikuwa vimekaa mezani kwa Magige muda wote, vikilirenda kanisa alilolituma yeye kwa mkono wake mwenyewe. Moyo ulimuuma waziwazi, kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe anayemkamua kila siku.

"Na picha yenyewe!" mama yake aliendelea. "Ameweka mpaka benchi langu, lile la mlango wa pembeni, na kimto chekundu juu yake. Kama changu kabisa. Amejuaje kwamba nakaaga pale?"

Kimto kile Mniko alikuwa amekichora siku nzima, pamoja na mshono wake uliofumuka, wala hakuwahi kumwambia mtu. Alifungua mdomo. Aliwaza jinsi mama yake alivyosimama mbele ya ule ukuta, akalia kwa furaha, akamshika mkono Magige na kumbariki. Kumwambia sasa ilikuwa ni kumnyang'anya furaha ile.

"Sijui, mama," alisema. "Labda alikuona siku moja."

"Ana upendo yule. Na wewe usimwonee wivu, eti? Umpigie umpongeze."

"Sawa, mama," Mniko alisema. "Nitampigia."