Mshale Ulioruka Kwenye "Oui"

Aibu za wengine huwa nazicheka, lakini hii yangu ya Kabambare naisimulia nikiangalia chini, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi hufundisha kompyuta Kasongo. Baba Zaina alipofariki, mjane wake, Mama Zaina, aliniita siku ya kumaliza matanga nionyeshe ukutani, kwa projekta, video ambayo marehemu alimwachia akiwa mgonjwa kitandani. Simu iliyomrekodi ilizama mtoni, video ikabaki kwenye kle moja tu (kile kijiti cha kuhifadhia mafaili), na mjane alikuwa bado hajaitazama. Nikaenda Kabambare kwa pikipiki, nikakuta kompyuta ya kuazima yenye Windows, na mimi kwangu natumia mfumo mwingine, Linux, basi badala ya kuiacha ilivyo nikaanza kuifananisha na yangu: natumia mkono wa kushoto, nikabadilisha nafasi za vitufe vya kipanya, cha kulia kikawa cha kufungulia, kisha nikaweka hata ile alama inayofanya mshale wa kipanya uruke wenyewe kwenye jibu kila kompyuta inapouliza swali (mnaona uvivu huo!).

Uwanja ulijaa. Mama Zaina akasogea.

"Mwalimu, uache niifungue miye mwenyewe. Ni miye aliniachia."

Nani angemkatalia? Nikamwelekeza taratibu, kama wanafunzi wangu: "Kidole cha kwanza, mama, bonyeza, usiogope." Vitufe nilishavisahau. Kidole chake kikaangukia kitufe cha kushoto, kikafungua orodha ya maneno ya Kifaransa, na mimi, nikihangaika na spika, nikasema tu, "Tena, mama, tena." Akabonyeza "Supprimer", yaani futa. Kompyuta ikauliza kama ana hakika, mshale ukaruka juu ya "Oui", naye kwa hofu akakikandamiza kipanya kwa mkono wote, vitufe vyote viwili.

Video ikatoweka.

"Ni mwalimu huyu ao ni mwanafunzi?" shemeji yake mmoja akauliza kule nyuma. Watu wakacheka.

"Musihangaike, iko kwenye pipa la taka," nikatangaza, maana kwangu kilichofutwa kwenye kle hukaa humo. Windows hukifuta moja kwa moja. Nikalifungua pipa mbele ya ukoo mzima: tupu.

Vicheko vikakatika.

"Lakini weye uliitazama asubuhi," Mama Zaina akasema polepole. "Utuambie basi. Alisema nini?"

Niliijaribu kwa ajili ya sauti tu. "Alisema, 'Mama Zaina, uko unanisikia?'"

"Na kisha?"

"Kisha nikaisimamisha, mama. Nilikuwa natengeneza kipanya."

Hakunitukana. Alijifunika uso kwa kitenge, akajibu, wala hakunijibu mimi: "Niko nakusikia."

Programu za kurudisha mafaili nilizojaribu Kasongo zilileta jina la video tu, bila picha wala sauti. Siku hizi nawaambia wanafunzi: ukikalia kompyuta ya mwenzako, nakili kwanza kilicho cha thamani, na kipanya ukiache ulivyokikuta. Mimi mwenyewe hukitumia hivyo hivyo, kwa mkono wa kulia, hata kikinisumbua.