Mashini ya Katoni

Mume wangu aliniuliza mara moja tu. "Na page ya Kinshasa?"

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya lupango, ua wa nyumba, hapa kwetu mtaa wa Hewa Bora, nikichora tarakimu za mashini ya kura kwenye katoni ya maziwa kwa kalamu nyeusi. Sikuinua hata kichwa. "Usibachanganye bamama," nikamjibu. Akarudi kwenye kiti chake. Yeye ni mzee wa reli, mtu wa kaskazini, amezoea kusema neno mara moja na kuliacha hapo. Laiti angelirudia! Hapana, nasema uongo. Angelirudia, ningemfokea mbele ya majirani.

Mimi ni yule mama wa maji. Ndivyo watu walivyoniita kwa miaka mingi, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Avenyu yetu haina maji. Tunachota kisimani kule chini, mayi yenye kuacha kutu ndani ya sufuria na upele kwenye ngozi ya watoto. Nilianza kwa kuandika barua. Barua zikalala. Nikawapeleka wamama mbele ya ofisi ya komini, utawala wa mtaa, na bidoni tupu za kuchotea maji, tukakaa chini, tukazipiga kwa vijiti kama ngoma mpaka mkuu akatoka, ameziba masikio. Akasema, "Mama, hii si yangu, ni ya jimbo." Nikaenda jimboni. Wakasema, "Lete depute wako, mbunge wa jimbo, atusemeshe." Depute gani? Hata sura yake hatukuijua! Basi siku ile nikarudi nyumbani na hasira, nikamwambia mume wangu: kama ni hivyo, depute ni mimi.

Wagombea wengine walikuja na chumvi, na vitenge vyenye sura zao, na muziki wa kupasua masikio. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na namba yangu ya kura tu: mia mbili na kumi na mbili. Kwetu hesabu tunaisema kwa Kifaransa, kwa hiyo ikawa "deux cent douze," na wamama wakaigeuza wimbo wa kisimani. Walikuwa wanachota wakiimba. Nilipowasikia, nilijiona nimeshafika bungeni.

Shida ilikuwa mashini. Wengi wa wamama zangu hawakusoma, na maneno yalikuwa yamezagaa: eti mashini ya kura inapiga umeme, eti inamwambia bwana wako ulimchagua nani. Mimi nilikuwa nimeiona siku moja, walipoileta kwenye uwanja wa parokia kutuonyesha. Nilijua vizuri inavyokwenda. Kwanza inakuuliza rais. Pili inakuuliza wabunge wa Kinshasa. Tatu ndiyo wabunge wa jimbo, ndipo nilipo mimi. Kisha washauri wa komini. Kurasa nne, kila mmoja na wagombea wake na namba zake. Unabonyeza namba, sura inatokea, unakubali, unakwenda mbele.

Nilijua nne, nikafundisha mbili.

Nilikuwa na sababu zangu. Kurasa nne zitawavuruga, nilisema. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo na Kinshasa. Kinshasa imetuletea nini? Hata bomba lililooza haijatuletea! Nikaona bora niifute. Nikakata madirisha mawili kwenye katoni ile, la rais na la kwangu, kana kwamba ukiifuta Kinshasa kwenye katoni ya maziwa, inafutika na kwenye mashini.

Nilikuwa ninakaa nyuma ya katoni, mama anabonyeza mbili, moja, mbili, na mimi ninachomoza picha yangu dirishani. Vicheko! Vigelegele! Aliyekuwa hodari kuliko wote ni nkambo mmoja, bibi kizee anayeuza makala, mkaa wa kupikia, kwenye kona yetu. Siku ya kwanza alitetemeka, akabonyeza na kuruka nyuma. Baada ya wiki alikuwa yeye ndiye mwalimu. "Ya kwanza président, ya pili mwana wetu, kisha unatoka!" aliwafokea wengine. "Iko nguvu gani? Ugumu uko wapi?" Alikuwa ananiita mwana wake, na hakunizaa. Wanawe alishawazika.

Siku ya kura tulifika shuleni alfajiri, mimi na mume wangu, na wamama walikuwa wameshatangulia, wamevaa vitenge vya kanisani. Kwa kuwa mimi ni mgombea, tukapewa nafasi ya kupita mbele. Nikaingia. Rais, nikabonyeza. Halafu mashini ikaniletea Kinshasa.

Nilikuwa nimeijua page ile siku zote, lakini kuiona pale, kubwa, inangoja namba, ni jambo lingine. Nikajituliza haraka. Wataona sura, nikasema. Sura yangu wameiona mara ngapi dirishani? Wakiona si mimi, watapita mbele. Nikapiga kura yangu, nikatoka, nikapita kando ya mstari wa wamama zangu mdomo umefungwa, maana sheria inakataza kufanya kampeni siku ile. Nkambo wa makala alikuwa wa kwanza mlangoni. Akaniinulia vidole: viwili, kimoja, viwili. Nilichofanya ni kutabasamu. Neno moja tu lingetosha, na mimi, mwenye mdomo wa kumtoa mkuu wa komini ofisini, siku ile nikakumbuka sheria.

Kesho yake asubuhi karatasi za matokeo zilikuwa zimebandikwa kwenye ukuta wa shule. Nikatafuta ya jimbo. Nikapitisha kidole mpaka namba yangu, nikasoma kura zake. Mbili. Nikarudia, nikidhani kidole kimeteleza. Mbili! Yangu na ya mume wangu. Avenyu nzima ilipanga mstari pale, na mimi nimepata mbili.

Nilisikia kama nimevuliwa nguo sokoni. Nikafikiri: basi walikula chumvi ya wale wengine. Waliniimbia wakinicheka. Kijana mmoja aliyekuwa shahidi wa chama fulani akanisogelea, akanionyesha karatasi ya pili, ya Kinshasa. "Mama, uyu wa deux cent douze alibeba chumba hiki chote. Ni ndugu yenu?"

Nikatazama. Namba ni kama yangu, jina silijui. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga matope ya Hewa Bora.

Nilikwenda moja kwa moja kwa nkambo, na hasira yangu yote. Nilipofika akaweka chini kikombe cha kupimia makala, akafungua mikono.

"Mwana wangu, tulishinda! Ile machine haikutuweza!"

"Nkambo, ulifanya namna gani?"

"Vile ulitufundisha. Ya kwanza président, ya pili deux cent douze. Sura ikatoka, ya mwanaume. Nikashtuka kidogo. Kisha nikasema, ah, ni bwana yake! Bameweka bwana. Mwanamuke ataingia namna gani mu politique, bwana anabakia ku nyumba?"

"Nkambo! Bwana yangu haumujue?"

"Namujua! Kipara njo ile, musharubu njo ile, kama yake. Niliona amenona kidogo, nikasema ni foto ya campagne. Bale bantu banatengenezaka sura."

"Na bale bengine?"

"Njo mimi nilibaambia! Nilitoka wa kwanza. Nikaambia bamama bote ku mustari: musiogope, itatoka mwanaume, ni bwana yake, bonyezeni tu."

Nikamuuliza kuhusu ukurasa uliofuata. Akacheka kwa dharau. "Inauliza tena, eti! Nikasema hapana, mimi nilisha kuvoté. Mimi si mwizi wa kuvoté mara mbili. Nikaacha vile."

Nilikuwa nimekuja kumtukana, wallahi. Lakini utamtukana vipi mtu aliyefuata somo lako neno kwa neno? Nikamwambia tusubiri matokeo yote. Sikumwambia kingine. Nilijiambia ni huruma.

Yule bwana wa page ya Kinshasa, mheshimiwa, alishinda. Baada ya muda akaja kutushukuru, na magari yake meusi, kwenye uwanja ule ule wa parokia. Akasema anajua mateso yetu. Watu wakapiga makofi. Kisha akauliza, yuko wapi mama yule aliyefundisha wamama namba yake? Kumbe kuna mtu alimsimulia habari ya katoni! Wakanisukuma mbele. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, laini kama ya mtoto mchanga, akanipa kitenge chenye sura yake, akaniwekea mikro, kipaza sauti, mdomoni.

Nilitaka kusema. Mungu anajua nilitaka. Nilifungua mdomo, nikawaona wamama wale wote wamekaa mbele, wamevaa vitenge vya siku ya kura, wananitazama kwa fahari. Nikasema, "Asante, mheshimiwa. Tunangojea mayi." Akasema maji yako njiani. Mpaka leo yako njiani.

Nilipoteremka, nkambo alikuwa amesogea mpaka karibu na jukwaa. Macho yake mabovu yalikuwa yamemkazia yule bwana.

"Mwana wangu," akaninong'oneza, "uyu si bwana yako."

"Hapana, nkambo."

"Ni nani?"

Nikamwambia ni mbunge wa Kinshasa, na kwamba mimi sikupita. Akanishika kwenye kiwiko. Niliona anahesabu moyoni: mlango wa shule, mstari, maneno aliyowaambia wenzake.

Jioni ile alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, anasikia kila kitu. "Ni mimi nilikuangusha," akasema. "Macho yangu iko mabaya, na mudomo yangu iko murefu. Nilipoteza bamama bote. Unisamehe."

Katoni ilikuwa pale pale nyuma ya mlango, na madirisha yake mawili. Ningeweza kuivuta na kumwonyesha: tazama, nkambo, hapa pangekuwa na dirisha la tatu, ni mimi nililinyima kisu. Mume wangu alinitazama. Alikuwa na haki ya kusema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakusema. Alikuwa ameshasema mara yake moja.

"Haina neno, nkambo," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akapiga magoti! Yeye, mwenye umri wa kumzaa mama yangu, akanipigia magoti kwenye kizingiti changu, na mimi nikamwinua kama mtu mwema.

Tangu siku ile amekatazwa na wamama wenzake kuongoza wimbo wowote. Wanamcheka, wanamwita bibi wa mheshimiwa. Hajibu. Asubuhi tunakutana kisimani, kila mtu na bidoni yake, mayi ni yale yale ya kutu. Ananisogelea, ananishika mkono, ananiomba msamaha upya, kila siku ya Mungu. Na mimi kila siku ninamsamehe.