Simu Begani, Mwanga Ukutani

Jamani, chekeni tu, mwenyewe nimeshajicheka. Pale chuoni Mbeya napitisha mwanga wa leza kwenye utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Mwanga unaingia ukitikisika kwa ulalo. Kazi yangu ni kuugeuza, utoke ukitikisika kwa wima. Kichujio cha kupimia kilipovunjika, nikajifanya mjanja, nikavaa miwani yangu ya jua inayozuia mwanga wa ulalo. Wiki nzima naona giza tu ukutani.

Juzi mama akapiga simu kutoka nyumbani Kihesa, yuko kwenye sala ya jumuiya. Mikono yangu ilikuwa kazini, simu nikaibana kwa bega, kichwa upande. Ghafla doa jekundu likawaka ukutani!

"Mama, mwanga umegeuka!"

Akawatangazia wenzake. Vigelegele nikavisikia hadi huku.

Nikamwita profesa wangu. Kufika tu, nikasimama wima kwa heshima, na giza likarudi. Nikampigia mama tena, simu begani. Doa likawaka.

"Umeliona, Profesa?"

"Mbona naliona tangu niingie?" Akanivua miwani. "Hii inalala pamoja na kichwa chako. Kilichogeuka ni shingo yako."

Mama akadakia simuni, "Shingo imefanyaje, mwanangu? Tukuombee?"