Malkia Mwenye Lafudhi ya Ng'ambo ya Ziwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nije na viatu vya aina mbalimbali: vya kisigino kirefu, buti la kazi, kandambili. Nikadhani kuna ugeni. Kumbe viatu ndivyo vilivyokuwa kazi yenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mpiga milio katika idara ya michezo ya kuigiza ya redio moja iliyokuwa Kinondoni, na mpiga milio ndiye anayetembea kwa niaba ya waigizaji. Wao wanasimama mbele ya kipaza sauti na maandishi yao mkononi, hawasogei. Wewe uko pembeni na kipaza sauti chako, unakanyaga kokoto kwenye trei, unafungua kimlango kilichopachikwa kwenye fremu isiyokwenda popote. Msikilizaji kule nyumbani anaona mtu ameingia chumbani.

Mkuu wa Idara alikuwa mzaliwa wa Tanga, mtu wa Kiswahili kilichopigwa pasi kama kanzu yake ya Ijumaa. Alinifunga macho kwa kitambaa, akamwamuru mtu apite.

"Huyo aliyepita ana furaha au ana msiba?"

"Ana haraka," nikasema. "Na kiatu kinambana."

Akacheka kidogo. "Utafaa. Hapa, bibie, mtu haonekani. Ukikosea hatua yake, umemuua."

Nikajifunza. Moto ni karatasi ya nailoni ya biskuti ukiifinyafinya karibu na kipaza sauti. Mvua ni mchele ukimiminwa taratibu juu ya bati. Mfupa ukivunjika ni muwa. Nyuma ya kioo alikaa Fundi Mitambo, ndiye aliyepima sauti zetu zisipande wala kufifia, na taa nyekundu ikiwaka hata kupiga chafya ni kosa. Vijana wa leo mnavuta mlio wowote kwenye kompyuta, na siwalaumu. Ila sie tulijua uzito wa kila mlango, kwa sababu tuliufungua wenyewe.

Miaka mingi niliipiga milio bila kusema neno hewani, na sababu yake ilijulikana na kila mtu. Mimi nilizaliwa Rumonge, Burundi. Nilikuwa binti wa darasa la tano vita vilipotufukuza, mimi na mama tukavuka Ziwa Tanganyika, na baada ya kuzunguka sana tukafika kwa mjomba, Temeke. Kiswahili nilikishika, lakini herufi mbili zilikataa kukaa mahali pake. Nikitaka kusema kulala, watu wanasikia kurara. Mkuu wa Idara aliniambia kwa upole wake, "Mikono yako ni ya dhahabu, bibie. Mdomo tuupumzishe."

Sikukasirika. Nilikuwa nimeshazoea makubwa kuliko hayo. Mama yangu alikuwa akisali Kirundi asubuhi kabla ya kwenda bombani kuchota maji, na majirani waliosikia maneno wasiyoyaelewa wakaamua ni uganga. Mtoto wa mtu akiugua, macho yote kwetu. Mama alipofariki, bado wapo waliomwita mchawi, na mtu ambaye mama alimroga hajapatikana mpaka leo.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe, ule ambao watu wa umri wangu bado wananisimamisha sokoni Tandika kuuliza habari zake.

Mtayarishaji wetu, yaani yule anayeandika na kuongoza mchezo, alikuwa dada mmoja wa Songea, mwembamba, mkali kwenye kazi na mpole kwenye chai. Aliandika mchezo wa mfululizo kuhusu malkia wa Uingereza wa zamani sana, aliyezaliwa Ufaransa. Binti huyo aliozwa kwa mfalme akiwa na miaka kumi na mitano. Kiingereza hajui. Dini yake Ukatoliki, na nchi aliyoingia ni ya Waprotestanti. Hata taji hakuvishwa, kwa kuwa alikataa ibada isiyo yake. Baadaye mfalme na Bunge wakagombana mpaka wakapigana vita, Waingereza kwa Waingereza, na lawama ikatafuta mtu wa kumwangukia. Ikamwona yule mgeni.

Aliyepangiwa sauti ya Malkia alikuwa mwigizaji mzuri kweli. Tukiwa tumeshatangaza mchezo, akapata kazi ya televisheni, akaaga. Siku ya kurekodi tukawa na mfalme, tukawa na farasi, tukawa na mizinga, malkia hakuna.

Mtayarishaji akanigeukia. "Dada, wewe ndiye unayefuata maandishi yote kwa ajili ya milio. Hebu nisomee ukurasa huu."

Nikasoma. "Mimi ni mke wa mfarume..."

Studio ikaangua kicheko. Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala aliyeigiza Mfalme, alijikaza asicheke akashindwa, machozi yakamtoka. Mtayarishaji hakucheka.

"Endelea."

"Dada, wananicheka."

"Ndiyo. Na yule binti alipofungua mdomo ikulu kwa mara ya kwanza, unadhani walimfanyaje? Endelea."

Mkuu wa Idara aliitwa asikilize. Alisimama nyuma ya kioo amekunja mikono. Akasema, "Kipindi kimoja. Wasikilizaji wakimkataa, anarudi kwenye kokoto zake. Na nataka ule mwisho wenye kicheko."

Mwisho ule ulimtaka Malkia, akiwa peke yake, acheke kicheko cha kichawi kwa kuwa amewagombanisha wanaume. Mkuu wa Idara alikuwa na hoja yake, si mtu mjinga: aliamini msikilizaji anahitaji mtu wa kumchukia ili arudi wiki ijayo. Nilijaribu kukicheka kile kicheko mara mbili, na mara zote mbili nilimwona mama yangu na ndoo yake. Nikavua vifaa vya masikioni.

"Mkuu, naomba nisicheke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huyu mama hajafanya kitu. Amefika, hajui lugha, anasali anavyojua. Nyumbani kwetu nimemwona mtu wa namna hiyo, hakuwa akicheka akiwa peke yake."

"Akiwa peke yake alikuwa akifanya nini?"

"Anajifunza maneno, Mkuu. Anarudia neno moja mpaka limkubali."

Nilijua nimeweka kazi yangu mezani, na sikuwa na nyingine. Mtayarishaji akaandika kitu haraka, akanipa. Tukarekodi Malkia akiwa peke yake chumbani anajifunza kusema neno "mume" kwa lugha ya mumewe, anakosea, anarudia. Ndivyo kipindi kilivyoisha.

Simu zilizopigwa hazikuwa tamu. "Mtoeni huyo mgeni, anatuharibia lugha!" "Malkia gani anaongea kama muuza dagaa wa Kigoma?" Mkuu wa Idara alinisomea yote bila kuficha. Halafu akasema kuna mama mmoja wa Gongo la Mboto amepiga mara tatu, kila mara anauliza jambo moja tu: yule malkia mtoto keshajua kuongea?

"Huyo mmoja amekununulia kipindi kingine," akasema.

Kipindi kilichogeuza mambo ni cha kurudi kwa Malkia. Vita vimepamba moto, mumewe hana silaha, naye amekwenda Uholanzi kuuza vito vyake anunue baruti. Safari ya kurudi ilikumbwa na dhoruba ikabidi meli zigeuke, zikaanza upya. Kwa ajili ya dhoruba ile nilikataa bati na mchele. Tulikwenda Kimbiji na gari la idara, barabara ikatutikisa mpaka Fundi Mitambo akawa amekumbatia mashine yake kama mtoto mchanga, tukanasa mchangani, wavuvi wakatusukuma. Tukarekodi mawimbi ya upepo wa kusi yakipiga miamba. Mvuvi mmoja akaniuliza, "Sasa mama, mnakuja kuchukua kelele?" Nikamwambia ndiyo, tunaipeleka Uingereza. Akasema nisisahau kuwasalimia.

Malkia alipofika pwani, meli za maadui zikaipiga mizinga nyumba aliyolala. Akakimbia nje, na katikati ya kukimbia akakumbuka mbwa wake mdogo amebaki kitandani. Akarudi kumchukua. Kisha akajilaza mtaroni na watu wake, mizinga ikiwarushia udongo usoni. Haya hayakuwa ya kutunga, yamo kwenye historia yake. Mizinga niliipiga mwenyewe, pipa la chuma na nyundo iliyofungwa matambara, huku nikisema maneno ya Malkia nikihema, kwa kuwa kweli nilikuwa nikihema. Baada ya kipindi kile, fundi cherehani jirani yangu, ambaye hakuwahi kunisalimia vizuri, alinifuata mlangoni.

"Hivi yule mbwa alipona?"

"Alipona."

"Basi sawa. Maana mie nilikuwaga namwona yule mwanamke ana roho mbaya. Kumbe jasiri vile!"

Tulifika mwisho. Mfalme ameshindwa, amekatwa kichwa, na Malkia, aliyekimbilia kwao Ufaransa, amezipata habari akiwa mbali. Mkuu wa Idara aliamua kipindi cha mwisho tukifanye hadharani, kwenye ukumbi wa Temeke, kikienda hewani moja kwa moja. Alitaka mchezo uishie kwenye kilio cha mjane. Mtayarishaji akagoma: baada ya miaka mingi mwana wa Malkia alirudishiwa ufalme, na mama akarudi katika nchi ileile iliyomtukana. "Nataka wamwone anarudi," akasema. Mkuu akakubali, ila akatoa onyo lake: ukumbi hauna kioo, watu wakizomea, nchi nzima itasikia.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tulipanga niingie kwa mlango wa nyuma, nipite katikati ya watu, kipaza sauti mkononi, nimevaa gauni jeusi na kilemba cheusi. Mzee Chilumba, ambaye alishakatwa kichwa, ndiye aliyenipigia hatua za farasi jukwaani. Mlango ukafunguliwa. Nikapiga hatua chache, na sauti ya mwanamume ikatoka upande wa kulia, si ya mchezo, ya mtu kweli.

"Mchawi! Rudi kwenu!"

Wengine wakadakia. Maandishi hayakuwa na kitu hapo, na redio zilikuwa wazi nchi nzima. Nikasimama katikati ya ukumbi nisijue kwa kwenda.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, mnene, kanga kiunoni. Baadaye nilijua ndiye yule wa Gongo la Mboto, aliolewa huko akitokea Mtwara.

"Nyie mmesikiliza mchezo au mlikuwa mmelala?" akauliza. "Mumewe kauawa, hata kumzika hakumzika. Kwao si kwao tena, huku si kwao. Aende wapi? Mwacheni mwenzenu apite!"

"Apite!" akasema mwingine nyuma yake.

"Apite!"

Wanawake wakainuka safu kwa safu. Wakasogeza viti, njia ikafunguka kama inavyofunguka mbele ya bibi harusi, na vigelegele vikapanda mpaka Fundi Mitambo akaondoa mikono kwenye mashine yake, hana la kupunguza. Nikapita. Nilipofika jukwaani nikasema mstari wangu wa mwisho, kwa lafudhi ya Rumonge, bila kuificha herufi hata moja: "Nimerudi kumwona mtoto wangu akiwa mfarume." Na ukumbi mzima, wale waliozomea wakiwemo, ukaitikia kwa sauti moja: "Mfarume!"

Mkuu wa Idara alikuwa amesimama safu ya mbele, kofia mkononi. Alinisubiri mpaka watu walipopungua.

"Bibie," akasema, "hiyo herufi yako asikurekebishie mtu. Hata mimi."

Tangu hapo nilipewa sauti nyingi. Nilipelekwa kanda ya ziwa kufundisha wapiga milio wapya, nikarudi Dar kuwa mtayarishaji, na mwisho nikakalia kiti cha Mkuu wa Idara, mkimbizi wa Rumonge nikiwakaribisha waajiriwa wapya.

Nimestaafu, nakaa Madale kwenye nyumba yangu ya kilimani. Wanaoandika historia ya malkia yule bado wanabishana: wengine wanasema alimharibu mumewe kwa ushauri mbaya, wengine wanasema alimpigania kuliko majemadari wake. Huenda yote mawili yana ukweli, mtu si kitu kimoja. Mimi niliyevaa sauti yake nasema hili tu: aliogopa, na akaenda. Nyie mnaoanza kazi hii, mkipewa mtu mbaya wa kuigiza, kwanza mtafuteni akiwa peke yake chumbani.

Mwezi uliopita mtaa wetu ulichagua mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa maana huku kilimani bomba likikatika tunakaa wiki nzima na madumu matupu. Jina langu likatajwa. Kijana mmoja akauliza, kwa adabu, eti mama huyu si mtu wa Burundi? Nikamjibu, "Ndiyo, baba, nilizaliwa huko. Na kiu yangu iko hapa." Watu wakacheka, kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mikono ilijaa, hakuna aliyehangaika kuhesabu. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya maji, nimevaa kiatu cha kisigino, nagonga mlango.