Kahawa ya Mzimu wa Kiingereza

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mwanamke Mwingereza katika shule ya wasichana ya misheni huko Muleba, alitusomea hadithi za mizimu ya kwao kila Ijumaa mchana, mvua ikipiga bati. Nilizipenda kupita kiasi. Mzimu wenyewe haukunitisha sana. Sisi wafu wetu tumewazika palepale kibanjani, tunawapita tukienda kukata ndizi. Kilichonitisha ni ile nyumba: vyumba chungu nzima, na mtu mmoja tu ndani! Kwetu Izigo hata kupiga chafya peke yako huwezi.

Likizo nikamsimulia bibi, mama yake baba, habari za mama wa Kizungu aliyekufa akabaki anatembea ukumbini miaka na miaka, na kila aliyemwona alipiga kelele akakimbia. Bibi hakuogopa hata kidogo. Aliona aibu kwa niaba ya wenye nyumba.

"Waitu! Wanamkimbia? Hakuna hata wa kumpa akamwani?"

Akachukua kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia kila mgeni, akaiweka juu ya jani la mgomba karibu na kaburi la babu, ili yule mama apate pa kufikia.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu habari hiyo kama zawadi. Nilidhani tutacheka pamoja. Alicheka kweli, akanishika bega, akauliza bibi anasali usharika gani. Nikamtajia. Nilimwamini kuliko shangazi zangu.

Mwezi haukuisha, bibi akasimamishwa mbele ya usharika, akatengwa na Meza ya Bwana kwa kutambikia mizimu. Na mzimu wenyewe wa Kiingereza! Ijumaa iliyofuata mwalimu akafungua kitabu kilekile, akasoma kwa raha zake. Nyani haoni kundule. Nikanyoosha mkono nikauliza kama naye atatengwa.

"Hizi ni hadithi tu," akajibu, akaendelea. Nilimchukia, na bado nilisikiliza mpaka mwisho. Hilo linaniuma hadi leo.

Likizo nyingine bibi aliniuliza kama yule mama bado yuko peke yake. Nikamwambia bado. Akanituma maji chemchemini. Niliporudi, kahawa ilikuwa imepungua kikapuni, na bibi hakuniambia ameipeleka wapi.