Mahali Pasipo na Vumbi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Parklands, nilifungiwa ndani ya chumba cha giza nikafundishwa kusafisha picha za eksirei kwa kupapasa. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimetoka magharibi mwa Kenya juzijuzi tu. Fundi Mkuu, Mgoa asiyejua kucheka, alinionya: "Ukifungua mlango kabla picha haijaiva, utatafuta kazi kwingine." Picha kuiva ni kukaa ndani ya dawa mpaka mifupa ionekane. Nyinyi vijana wa kubonyeza vitufe hamjui raha ya kuona mbavu za mtu zikijitokeza polepole chini ya taa nyekundu.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi na makarani wa mjini. Lakini picha ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kaka yangu Andayi. Alikuwa nyapara wa wachimba dhahabu chini ya ardhi kule kwetu. Alikuja kunisalimu, kikohozi chake kikanitia wasiwasi, nikamburuta hadi kwa Daktari.

Daktari, Kalasinga kijana na mpole sana, aliinua picha dirishani. Vumbi la mawe lilikuwa limeacha madoa machache mapafuni.

"Chakula mnakulanga wapi?" aliuliza.

"Huko huko chini, daktari. Kuna handaki ya zamani, tuliacha kuchimba. Hakuna vumbi, hata upepo hakuna. Ni mimi nilitafutia vijana yangu hiyo mahali," Andayi alijibu kwa majivuno.

Daktari aliteremsha picha. Akatueleza kwamba baadhi ya miamba hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo radoni. Penye upepo hupeperushwa. Penye hewa iliyolala hujikusanya, mtu akaivuta miaka na miaka, na saratani ya mapafu inaweza kuja baadaye sana. Hakuwa na chombo cha kuipima, wala hakudai kwamba handaki lile lilikuwa nayo.

"Lakini mimi singekula hapo," alisema.

Andayi alicheka njia nzima hadi chumbani kwangu. "Kitu haionekani, hainuki! Daktari yako ni mtu ya mchezo." Nilikasirika. Nikamsihi abaki Nairobi nimtafutie kibarua, naye akageukia ukutani akalala.

Asubuhi nilimkuta amefunga mzigo.

"Narudi," alisema. "Wale vijana wanakaa hapo sababu ya mimi. Nani atawatoa?"

"Mbona jana ulikuwa unacheka?"

"Sasa ningelia mbele yako?"

Aliwatoa. Walimnung'unikia sana, maana mahali papya, karibu na mdomo wa shimo, upepo ulimwaga vumbi kwenye ugali wao.

Mimi nilihamia hospitali ya katikati ya mji, nikapanda hadi nikawa Fundi Mkuu, mkali kumshinda yule Mgoa. Mwaka niliostaafu nikaja kukaa Mutuini, pembeni mwa Nairobi, ndio mwaka tuliomzika Andayi. Mapafu ndiyo yaliyomuua. Kama ni vumbi au ni gesi, sijui, na sitajifanya najua. Nilisoma vifua vya watu maisha yangu yote, na hicho kimoja bado kinaniuma.

Siku ya mazishi, kule kwetu magharibi, kulivuma upepo, wanawake wakaandaa chakula ndani ya nyumba. Vijana wake wa shimoni, sasa wote wenye mvi, walichukua sahani zao wakatoka nje. Nikawafuata, nikaketi nao, tukala ugali wenye mchanga.