Kitufe cha Mama Sadiya

Kuna watu hapa Arua wanaosimulia habari za Fatumah kana kwamba alirukwa na akili. Mimi nilikaa naye chumba kimoja, meza kwa meza, na mtu akiyasema hayo mbele yangu tutakosana. Alikuwa na hasira, ndiyo. Mimi mwenyewe bado ninayo.

Ofisi yetu ya kupiga chapa ilikuwa karibu na soko, na mwenyewe alikuwa mzee Candia. Mimi, Paska wa mtaa wa Awindiri, nilipewa barua na hati za mahakamani. Fatumah alipewa nukta. Usicheke. Shule nyingi za huku zilileta mitihani yao kwetu, na chini ya kila swali mwanafunzi anahitaji mistari ya kuandikia jibu. Mistari hiyo ni nukta tupu, moja baada ya nyingine, kutoka ukingo huu wa karatasi hadi ule. Tulipiga chapa kwenye stenseli, ile karatasi ya nta inayowekwa kwenye mashine ya kurudufu, na kwenye stenseli hakuna alama mbaya kama nukta. Ukiigonga kwa nguvu inatoboa, wino unavuja, ukurasa mzima unakuwa matope. Kidole cha Fatumah kilikuwa chepesi. Basi shukrani aliyopata kwa wepesi huo ni kufungiwa kwenye nukta miaka nenda rudi.

Alizaliwa Kuluba, huko Koboko, na baba yake alikuwa askari. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, familia za askari zilikimbilia Zaire, naye akavuka mpaka, msichana mdogo bado, na sufuria kichwani. Huko masista walimfundisha kupiga chapa kwa mashine ya Kifaransa, ambayo herufi zake zimekaa kivyake: hapa kwetu palipo na A, wao wameweka Q. Aliporudi Uganda ilibidi avifundishe vidole upya. Aliniambia kwamba tangu hapo hakuamini kuwa kuna kitufe kilichowekwa na Mungu. Kimewekwa na mtu, na mtu mwingine anaweza kukihamisha.

Candia alikuwa na tabia moja iliyonichosha roho. Hakukaa ndani. Alikaa barazani na wateja, na kazi yetu aliipima kwa masikio. Mashine zikilia, tunafanya kazi, zikinyamaza, tumelala. Hata kwenda msalani tulikwenda kwa zamu ili sauti isikatike. Aliamini kwamba mteja akipita njiani akakuta kimya, ataipeleka kazi yake kwingine. Labda kweli wapo wateja wa namna hiyo. Lakini wao hawakuwa na kidole cha kuumia.

Kidole cha Fatumah kilianza kuvimba kifundoni. Asubuhi kilikuwa hakikunjiki. Ugali wa muhogo ulimshinda kuusonga, ikawa binti yake Sadiya ndiye anausonga. Daktari wa zahanati alimwambia wazi kwamba akiendelea hivi kidole kitakauka moja kwa moja. Nilimsihi amweleze Candia, akamweleza. Candia akamjibu kwamba Jumapili ndiyo siku ya kupumzika, akipumzishe siku hiyo. Mwislamu wa watu, akaambiwa asubiri Jumapili.

Mwaka 1995 Candia alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akafunga jenereta nyuma ya nyumba. Printa yake tuliitoa utepe ili sindano zake zichome stenseli zenyewe. Nukta zikahamia kwenye kompyuta, na Fatumah akahamia pamoja nazo, kidole kilekile, nukta moja moja, maana hatukujua njia nyingine.

Ndipo Kenyi, mtoto wa shangazi yake, aliyekuwa karani katika shirika moja la misaada, alipopita kumsalimia mchana mmoja. Alimkuta anagonga nukta huku ameuma mdomo. Akamwambia ile programu ya kuandikia inafundishika. Unaiambia itazame. Unaifanya kazi mara moja: unaushika mstari, unaunakili, unauweka tena chini yake. Kisha unaiambia imekwisha, na kazi yote hiyo unaikabidhi kwa vitufe viwili unavyovibonyeza pamoja.

Fatumah alichagua Alt na D. Akapiga mstari mmoja wa nukta kwa mkono, akabonyeza, mstari ukapata mwenzake. Akabonyeza tena. Halafu, kwa akili yake mwenyewe, akaifundisha mashine njia ya pili, ya kujaza mistari ya jibu refu kwa mbonyezo mmoja. Alinivuta mkono nije kuona, tukacheka hadi machozi. Mitihani iliyokuwa imerundikana mezani ikapungua, na akaniomba nimgawie barua. Nilimpa kwa moyo mmoja, maana zilikuwa zimenizidi. Kwa mara ya kwanza alipiga maneno yenye maana, taratibu, akikipumzisha kile kidole.

Sasa chumba kikawa kimya. Candia akaingia kutoka barazani.

"Mama Sadiya, iko nini? Mashine imekufa?"

Fatumah akamwonyesha, tena kwa furaha, masikini. Candia alitazama mistari ikijiandika, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Akasema kuna mwalimu mkuu pale nje ameshauliza kama tumefunga ofisi. Akaamuru njia hizo za mkato zifutwe, na kuanzia sasa nukta zipigwe kwenye mashine ya zamani iliyokaa dirishani, ambako watu wanasikia.

"Mzee, kidole yangu inakufa," Fatumah alisema.

"Kidole iko kumi," Candia akamjibu.

Candia alisimama nyuma ya Fatumah mpaka alipozifuta zote, kisha akarudi barazani kwake bila haya.

Fatumah hakulia. Alichukua mtihani wa darasa la saba wa yule mwalimu mkuu, akaweka stenseli kwenye mashine ya dirishani, akaanza kupiga. Alipiga kwa mkono mzima, kwa nguvu zote, meza ikatikisika na kikombe changu cha chai kikasogea. Nje nilimsikia Candia akijisifu kwa wageni kwamba wanawake wake hawana uvivu. Mimi niliona mwanga wa dirisha ukipita kwenye stenseli kama kwenye chekecheo. Fatumah akanitazama. Nikainamia barua zangu, wala sijutii.

Mwalimu mkuu aliporudi kuchukua karatasi zake, Candia mwenyewe alikuwa akizungusha mashine ya kurudufu. Wino ulimwagika kila mahali. Aliingia kwetu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akauliza ni nani aliyefanya hivi.

"Ni mimi," Fatumah akasema. "Ulitaka kusikia kazi. Si umesikia?"

Candia akamwambia atoke na asirudi. Fatumah alikuwa ameshajifunga mtandio. Candia akatupa pakiti ya stenseli mpya juu ya meza yangu, akaniambia kuanzia leo nukta ni za Paska, nianze sasa hivi, mtu anangoja.

Fatumah alikuwa mlangoni. Aligeuka. Alirudi hadi kwenye kompyuta, akavuta kiti, akakaa kama vile hajafukuzwa. Akapiga mstari mmoja wa nukta, akaiambia mashine itazame, akaifundisha mkato upya mbele ya macho ya Candia, polepole ili nami nishike. Alipomaliza akausogeza ubao wa vitufe upande wangu.

"Hii ni ya Paska," alimwambia Candia. "Ukiifuta, hata yeye atatoboa."

Mwalimu mkuu aliita kutoka nje, akiuliza mitihani iko wapi, na Candia akatoka kumwendea. Mkato ule haukufutwa tena muda wote niliofanya kazi pale.

Fatumah alirudi Koboko. Mimi vidole vyangu vyote vinakunjika mpaka leo. Chake hakikupona.